Futi tisa za upungufu: jinsi bodi ya kanda ya mji mdogo wa New York inavyoamua ombi la ardhi

Mwenye nyumba anataka kuongeza banda la gari ubavuni mwa nyumba yake. Kiwanja ni chake, fedha anazo, fundi anasubiri simu. Anakwenda kwa mkaguzi wa majengo wa mji kuchukua kibali, anarudi na barua ya kukataliwa: banda litaacha futi 6 tu hadi mpaka wa jirani, na sheria ya mji inataka futi 15, yaani kama mita 4.6. Wengi huipokea barua hiyo kama mwisho wa safari. Katika miji midogo ya jimbo la New York, nchini Marekani, safari ndiyo kwanza inaanza. Bodi ya rufaa za kanda, kama jina lake linavyosema, husikiliza rufaa, na rufaa haiwezi kuwapo pasipo uamuzi wa kukatiwa rufaa.

Tuifuate barua hiyo hadi mwisho wake. Tutabaki ndani ya sheria ya New York peke yake, kwa sababu kila jimbo la Marekani lina sheria yake, na anayebeba tarehe za jimbo moja kwenda nazo jingine huangukia pua. Jiji la New York lenyewe lina bodi na taratibu zake, kwa hiyo nalo tunaliweka kando.

Kugawa mji katika kanda maana yake ni kuchora ramani na kusema hapa nyumba za kuishi, hapa maduka, hapa viwanda, kisha kuandika vipimo vya kila kanda: ukubwa wa kiwanja, umbali wa jengo kutoka barabarani na kutoka kwa jirani, kimo, na sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na majengo. Jiji la New York lilipitisha sheria ya namna hiyo kwa jiji zima mwaka 1916. Miaka 10 baadaye, katika shauri kati ya kijiji cha Euclid, Ohio, na kampuni ya Ambler Realty, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba ugawaji huo haupingani na katiba. Lakini viwanja havifanani. Kipo chenye umbo la pembetatu, kipo chenye mwamba katikati, kipo kilichopimwa miongo kadhaa kabla ya sheria kuandikwa. Sharti moja likiwekwa juu ya vyote bila mahali pa kulegeza, kuna watu litawaumiza pasipo faida kwa yeyote. Bodi ya rufaa iliwekwa kwa ajili ya watu hao.

Wanaoketi mezani

Bodi ina wajumbe watatu au watano, wanaoteuliwa na baraza la mji. Diwani wa baraza hilo haruhusiwi kuwa mjumbe wa bodi. Muda wao wa kukaa hupishana ili wasiondoke wote kwa mara moja, na sheria ya jimbo inawataka wapate angalau saa 4 za mafunzo kila mwaka. Mara nyingi ni majirani wa kawaida wanaokutana jioni, mara moja kwa mwezi, katika ukumbi wa mji. Jambo la kuzingatia ni kwamba hawatungi sheria. Mtu anayesimama mbele yao na kueleza kwa uchungu kwamba futi 15 ni sharti baya anawaambia watu wasioweza kulibadili. Wa kuambiwa hivyo ni baraza la mji. Vilevile kugawa shamba kuwa viwanja vingi, au kukagua ramani ya maegesho ya duka jipya, kwa kawaida ni kazi ya bodi ya mipango, ambayo ni chombo kingine kabisa ingawa mara nyingi hutumia ukumbi uleule.

Yanayoletwa kwa bodi ya rufaa ni ya aina chache. Kwanza, mtu anaweza kusema mkaguzi ameisoma sheria vibaya, na kuomba tafsiri. Neno la sheria likiwa na utata, mahakama za New York hulifasiri kwa faida ya mwenye ardhi, hivyo hoja ya tafsiri ikiwapo isiachwe. Ikikubaliwa, ombi lililobaki huenda lisihitajike kabisa. Pili, msamaha wa vipimo: matumizi yanaruhusiwa, ila jengo halitoshei kwenye namba. Banda letu liko hapa. Tatu, msamaha wa matumizi: mtu anataka kufanya kitu ambacho kanda hairuhusu hata kidogo, kama karakana katikati ya mtaa wa nyumba. Nne, katika baadhi ya miji, kibali maalumu. Hiki si msamaha. Ni matumizi ambayo sheria yenyewe imeyataja kuwa yanafaa katika kanda hiyo mradi masharti yaliyoorodheshwa yatimizwe, na kwa sababu hiyo mzigo wa mwombaji ni mwepesi zaidi. Miji mingi huukabidhi uamuzi huo kwa bodi ya mipango.

Kuchanganya aina hizi ndiyo chanzo cha hasara nyingi. Aliyejaza fomu ya msamaha wa vipimo wakati anahitaji wa matumizi atapoteza ada na miezi, kwa sababu mizani ya kila kimoja ni tofauti na tangazo lililotolewa litakuwa limewaambia majirani jambo jingine.

Muda wa kukata rufaa ni siku 60 tangu uamuzi wa mkaguzi ulipowekwa kwenye jalada. Njia ya mkato ipo moja: kama ombi tayari liko mbele ya bodi ya mipango kwa ajili ya ramani ya kiwanja, kibali maalumu au mgawanyo wa viwanja, na likaonekana kuhitaji msamaha wa vipimo, mwombaji anaweza kwenda moja kwa moja bodi ya rufaa bila barua ya kukataliwa.

Namba za banda

Kiwanja chetu kina upana wa futi 80 na urefu wa futi 120, yaani futi za mraba 9,600. Ukuta wa nyumba uko futi 20 kutoka mpakani. Mwombaji anataka banda lililoungana na nyumba, upana futi 14 na urefu futi 24. Ukitoa 14 katika 20 zinabaki 6. Upungufu ni futi 9 katika 15, asilimia 60 ya sharti.

Hapo wengi huacha kuhesabu, na hapo ndipo kosa hujificha. Tuseme sheria ya mji huo inaruhusu majengo kufunika asilimia 25 ya kiwanja, yaani futi za mraba 2,400, na nyumba pamoja na kibanda cha zana vimekwisha kufunika 2,150. Zimebaki 250. Banda la 14 kwa 24 ni futi za mraba 336. Jumla inafika 2,486, na kikomo cha mji kimepitwa kwa 86. Kumbe misamaha inayohitajika ni miwili. Kama tangazo lilitaja wa ubavuni tu, bodi haiwezi kuutoa wa pili siku hiyo. Tangazo linaandikwa upya, na kila mtu anarudi mwezi ujao.

Kosa jingine ni kupima kutoka kwenye uzio. Uzio si mpaka. Mpaka ni bikoni zilizofukiwa na mpima ardhi mwenye leseni, na uzio unaweza kuwa umeingia futi mbili upande wowote pasipo jirani yeyote kujua. Halafu kuna paa. Sheria za miji mingine hupima hadi ukutani, nyingine hadi ncha ya upenu. Upenu wa futi moja ukihesabiwa, zile futi 6 ni 5, na ombi lililoandikwa 6 lina kasoro tangu mwanzo. Soma sura ya tafsiri za maneno katika sheria ya mji kabla ya kuandika namba yoyote kwenye fomu.

Maswali matano

Kwa msamaha wa vipimo, sheria ya jimbo inayotumika tangu tarehe 1 Julai 1992 inaiagiza bodi ipime faida ya mwombaji dhidi ya madhara kwa afya, usalama na ustawi wa mtaa. Katika kupima, lazima iyatazame mambo matano. Je, sura ya mtaa itabadilika vibaya, au viwanja vya karibu vitadhurika? Je, mwombaji anaweza kupata anachokitaka kwa njia nyingine isiyohitaji msamaha? Je, kiasi kinachoombwa ni kikubwa? Je, mazingira au hali ya ardhi vitaathirika, kwa mfano mkondo wa maji ya mvua? Na je, tatizo ni la kujitakia?

Si mtihani wa kufaulu maswali yote. Ni mizani. Mtu anaweza kushindwa swali la tatu, kwa kuwa asilimia 60 ni kiasi kikubwa, na la tano, kwa kuwa hakuna aliyemlazimisha kujenga, na bado akapata msamaha ikiwa mtaa hautadhurika. Kuhusu swali la tano sheria inasema waziwazi: kujitakia kunaangaliwa, lakini peke yake hakumzuii mtu.

Swali linalozamisha maombi mengi ni la pili. Mjumbe atauliza, kwa nini banda lisijengwe nyuma ya nyumba, mbali na mpaka? Jibu la «napenda liwe ubavuni» halina uzito. Jibu lenye uzito ni mchoro wa mfumo wa maji taka unaoonyesha kwamba nyuma ya nyumba kuna mifereji ya kunyonyea maji, ambayo haiwezi kujengewa juu. Mjumbe atauliza tena: kwa nini futi 14? Hapo mwombaji aje na vipimo vya gari, vya mlango wake ukifunguliwa, na vya ngazi ya kuingilia nyumbani. Bodi inatakiwa kutoa msamaha mdogo kabisa unaotosha, basi ajue tangu nyumbani atapunguza wapi. Banda la futi 12 kwa 20 linaingiza gari moja. Upana huo unaacha futi 8 hadi mpakani, na upungufu unashuka kutoka 9 hadi 7, chini kidogo ya asilimia 47. Eneo lake ni futi za mraba 240, ndani ya zile 250 zilizobaki, na msamaha wa pili haupo tena. Mwombaji aliyefika na mchoro huu wa akiba mkobani ana nafasi nzuri kuliko aliyefika na wakili na mchoro mmoja asiotaka kuugusa.

Mlango mwembamba

Msamaha wa matumizi una mizani nyingine, na hapa hakuna kupima kilo kwa kilo. Mambo manne yote lazima yathibitishwe. Moja likikosekana ombi limeanguka. Mizizi yake iko katika shauri la Otto dhidi ya Steinhilber, lililoamuliwa na mahakama ya rufaa ya jimbo mwaka 1939.

Mwombaji aonyeshe kwamba kiwanja hakiwezi kumpa pato la kuridhisha kwa tumizi lolote kati ya yanayoruhusiwa katika kanda. Si kwa tumizi analolichukia tu, bali kwa kila moja, na kwa ushahidi wa fedha. Aonyeshe kwamba shida yake ni ya kiwanja chake, si ya mtaa mzima. Aonyeshe kwamba msamaha hautabadili asili ya mtaa. Na aonyeshe kwamba hakujitakia.

La kwanza ndilo zito. Mali bila daftari huisha bila habari, na rufaa hii bila daftari haianzi. Bodi inataka bei aliyonunulia na mwaka, kodi ya ardhi, bima, mkopo unaobaki, gharama za matengenezo zilizoandikwa na fundi, kodi ya pango inayoweza kupatikana mtaani, na kumbukumbu za dalali zinazoonyesha kwamba mali iliwekwa sokoni kwa bei ya kweli na muda wa kutosha bila mnunuzi. Kusema kwamba ofisi ingeingiza zaidi kuliko nyumba ya kupanga hakuthibitishi chochote, kwa sababu sheria haiahidi pato kubwa kuliko yote. Na jambo la nne huwamaliza wengi kabla hawajafungua mdomo: aliyenunua nyumba katika kanda ya makazi akiwa na nia ya kufungua karakana amejitakia, maana sheria ilikuwapo siku aliyosaini. Wanaoomba msamaha huu wangefaidika kwanza kuuliza baraza la mji kama kanda yenyewe inaweza kubadilishwa.

Tangazo, kaunti na mazingira

Kabla ya kusikilizwa, sheria ya jimbo inataka tangazo gazetini angalau siku 5 kabla ya kikao. Namba hiyo inadanganya. Gazeti la mji mdogo mara nyingi hutoka mara moja kwa wiki na hufunga kupokea matangazo siku kadhaa kabla, kwa hiyo karani huhitaji fomu iliyokamilika wiki mbili au tatu mapema. Barua kwa majirani kwa kawaida hutokana na sheria ya mji wenyewe, kila mji na umbali wake, na mwombaji hutakiwa kuleta hati ya kiapo au stakabadhi za posta kuthibitisha kwamba amezituma. Ombi likiwa la msamaha wa matumizi au kibali maalumu, na kiwanja kikiwa ndani ya futi 500 za mji jirani, karani wa mji huo naye apewe taarifa angalau siku 10 kabla.

Futi 500 zinarudi tena kwa kaunti, na hapa ndipo uamuzi mzuri hufa kwa kosa la karatasi. Kiwanja kilicho ndani ya umbali huo kutoka mpaka wa mji, bustani ya jimbo au ya kaunti, au barabara ya jimbo au ya kaunti, ombi lake lipelekwe kwa bodi ya mipango ya kaunti kabla ya uamuzi. Katika mji mdogo, ambao barabara yake kuu mara nyingi ni ya jimbo, viwanja vingi huangukia humo. Kaunti ina siku 30 za kujibu baada ya kupokea maelezo kamili. Ikisema hapana, au ikitaka mabadiliko, bodi ya mji inaweza kwenda kinyume, lakini kwa wingi wa wajumbe wote pamoja na mmoja zaidi: katika bodi ya watano ni kura 4. Bodi ikisahau kabisa kupeleka, uamuzi wake unakosa mamlaka na mahakama huufuta, hata kama hoja zake zilikuwa safi. Mwombaji asimwachie karani peke yake jambo hili. Aulize, na aombe kuona tarehe ya barua.

Uchunguzi wa athari kwa mazingira ni mwepesi kwa banda. Misamaha ya umbali kutoka mpakani, na misamaha ya vipimo kwa nyumba za familia moja hadi tatu, imeorodheshwa na jimbo kuwa haihitaji uchunguzi zaidi. Msamaha wa matumizi haumo katika orodha hiyo, na fomu ya tathmini lazima ijazwe na bodi itoe tamko lake kabla ya kupiga kura.

Jioni ya kikao

Mwenyekiti husoma tangazo, mwombaji hueleza, wajumbe huuliza, kisha mlango hufunguliwa kwa yeyote. Wanaofika wakidhani ni kura ya maoni hukata tamaa, wa pande zote mbili. Saini 40 za majirani wanaopinga si ushahidi, na barua 10 za wanaounga mkono si ushahidi pia. Mahakama za New York zimesema mara nyingi kwamba bodi haiwezi kukataa ombi kwa sababu tu watu wamenung'unika kwa ujumla; lazima kuwe na kitu cha kushika.

Jirani anayetaka kusikika aje na kitu hicho. «Litaharibu mtaa» ni upepo. «Maji ya paa yatamwagikia kwenye ukuta wangu wa chini, ambao uko futi 10 kutoka mpaka huu, na hii picha ya baada ya mvua inaonyesha maji yanakotuama sasa» ni ushahidi, na mjumbe atauandika. Mara nyingi maneno kama hayo hayalizuii banda. Huzaa sharti: mfereji wa paa uelekezwe upande wa barabara. Jirani amepata alichokihitaji na mwombaji amepata banda. Nalitaja kwa sababu watu hujinyima matokeo haya kwa kuja kugombana.

Bodi pia imefungwa na maamuzi yake ya zamani. Ikiwa mwaka juzi ilimruhusu mtu wa mtaa huohuo kubaki na futi 7, haiwezi kumkatalia mwenye futi 8 bila kueleza tofauti iko wapi. Mahakama ya rufaa ya jimbo ilisisitiza hilo mwaka 1986 katika shauri la Knight dhidi ya Amelkin. Maamuzi hayo yako kwa karani wa mji na ni ya umma. Saa moja ya kuyapitia ina thamani kuliko hotuba yoyote.

Mjadala wa wajumbe nao hufanyika mbele ya watu, maana sheria ya vikao vya wazi haiwapi bodi za kanda upenyo wa kujifungia chumbani kuamua. Mjumbe aliyepita kukitazama kiwanja aseme alichokiona ili kiingie kwenye kumbukumbu. Mjumbe mwenye maslahi, kwa mfano anayemiliki kiwanja cha jirani, ajitoe mezani. Na usikilizwaji ukishafungwa, barua mpya haipokelewi mpaka ufunguliwe tena kwa taratibu. Kumpigia mjumbe simu nyumbani kwake usiku kuamkia kura ni kumletea matatizo na kujiharibia mwenyewe.

Hesabu ya kura

Kinachohitajika ni wingi wa wajumbe wote wa bodi, si wa waliohudhuria. Katika bodi ya watano, kura 3 za ndiyo. Usiku wa theluji wakafika watatu tu, akidi imetimia na kikao ni halali, lakini mwombaji sasa anahitaji wote watatu. Mmoja akikataa, kura ni 2 kwa 1, na hoja ya kutoa msamaha imeshindwa ingawa «imeshinda». Kama wingi huo haupatikani ndani ya muda uliowekwa, rufaa inahesabiwa kuwa imekataliwa. Kwa sababu hiyo mwombaji mwenye busara akihesabu viti vitupu huomba shauri liahirishwe hadi bodi itimie, na wenyeviti wengi hukubali. Kusikilizwa upya baada ya kukataliwa ni kugumu: hoja ya kufungua tena inahitaji kura ya kila mjumbe aliyehudhuria.

Bodi ina siku 62 tangu kufunga usikilizwaji kutoa uamuzi, isipokuwa pande zote zikubaliane kuongeza. Uamuzi huwekwa kwa karani wa mji ndani ya siku 5 za kazi, na nakala hutumwa kwa mwombaji.

Maandishi ya uamuzi ndiyo yatakayosimama siku ya mabishano. Azimio lisemalo «tumeyaangalia mambo matano na tunakubali» ni chakula cha wakili wa upande wa pili. Azimio zuri huchukua kila swali na kusema lilijibiwa na ushahidi gani, hutaja namba, na huorodhesha masharti. Masharti lazima yahusu ardhi na athari za ujenzi, kama taa, maji, miti ya kuziba, saa za kazi. Hayawezi kumhusu mtu. Mwaka 1988, katika shauri la St. Onge dhidi ya Donovan, mahakama ya rufaa ya jimbo ilikataa sharti lililosema ruhusa iishe mali ikibadili mmiliki. Msamaha hufuata kiwanja, na anayekinunua kesho anaurithi pamoja na masharti yake.

Asiyeridhika, awe mwombaji au jirani aliyeathirika, ana siku 30 tangu uamuzi ulipowekwa kwa karani kufungua shauri chini ya Kifungu cha 78 cha sheria ya mwenendo wa madai. Shauri hilo huanzia katika mahakama ya jimbo ambayo New York huiita Mahakama ya Juu, ingawa ni ya ngazi ya kwanza na juu yake zipo mbili. Jaji haulizi kama yeye angeamua hivyo. Anauliza kama bodi ilifuata sheria na kama kumbukumbu zina ushahidi wa kuubeba uamuzi. Ndiyo maana kila mchoro, picha na barua viwe vimepokelewa na kuandikwa usiku ule ukumbini. Anayeanza kuchimba msingi ndani ya siku hizo 30 anafanya hivyo kwa hatari yake.

Baada ya hapo bado kuna kibali cha ujenzi. Msamaha wa kanda haugusi kanuni za ujenzi, na ukuta ulio karibu na mpaka unaweza kudaiwa uwe wa kuzuia moto hata kama bodi ya rufaa imeukubali mahali ulipo. Sheria nyingi za miji pia huweka muda wa msamaha kufa usipotumiwa, kwa hiyo tarehe hiyo itafutwe mapema. Na kabla zege halijamwagwa, mpima ardhi arudi kuweka vigingi vya pembe za msingi kwa kufuata futi 8 zilizoandikwa kwenye azimio, akihesabu na unene wa kitu kitakachobandikwa nje ya ukuta. Inchi 4 za matofali ya urembo zisizohesabiwa humwacha mtu na futi 7 na inchi 8, na mkaguzi wa majengo akizipima atalazimika kuandika barua nyingine ya kukataa.